Kuvuta gari dogo nyuma ya motohomu: tuanze na giaboksi kabla ya kwenda kwa mchomeleaji

Fundi wa Chumbageni (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajukwaa, salaam kutoka Tanga.

Ninaandika uzi huu kwa sababu ya giaboksi moja iliyoungua kwa ushauri wangu mwenyewe, na kwa sababu tangu siku hiyo wamenijia watu wengine wawili wakitaka niwafanyie kilekile kilichoiunguza. Wote wawili walianza kwa kuniuliza bei ya kuchomelea chuma cha kuvutia. Hakuna aliyeniuliza nini kitatokea ndani ya giaboksi magurudumu yakizunguka kutwa nzima huku injini imezimwa, na hilo ndilo swali ambalo likijibiwa vibaya, hata chuma bora kuliko vyote hakitamwokoa mwenye gari.

Mjomba wangu alifanya kazi Uingereza kwa miaka mingi, na alipostaafu alirejea nyumbani na motohomu, yaani lile gari kubwa lenye kitanda, jiko na choo ndani yake. Imeundwa juu ya Fiat Ducato, kama zilivyo nyingi za Ulaya, na usukani wake uko kulia, kwa hiyo barabara zetu hazikumpa tabu upande huo. Tabu ilikuwa urefu. Motohomu ya karibu mita saba inapendeza ikiegeshwa Raskazone chini ya mwembe, lakini kila mkewe alipotaka kwenda Deep Sea kununua samaki ilibidi vyombo vifungiwe kabatini, mtungi wa gesi ufungwe, na nyumba nzima iende sokoni. Kuipitisha kwenye barabara za namba za Ngamiani, katikati ya baiskeli na bajaji, kulimchosha zaidi kuliko safari ya kwenda Dar es Salaam. Ndipo akaamua kwamba akisafiri atavuta nyuma Toyota IST yake, ili akifika mahali motohomu ibaki imeegeshwa na shughuli ndogondogo zifanywe na gari dogo. Wazo lenyewe ni zuri na halina kosa lolote. Marekani desturi hiyo imeenea sana.

Aliniuliza kama IST inaweza kuvutwa magurudumu yote manne yakiwa chini. Nilimjibu haraka, kwa sauti ya mtu anayejua: weka gia kwenye N, geuza funguo ili usukani ufunguke, twende. Tulifunga chuma cha pembetatu alichokuja nacho, yaani fremu inayounganisha mbele ya gari dogo na nyuma ya motohomu, tukatoka Tanga alfajiri, tukapita Muheza na Segera bila shida, na hadi tunasimama Korogwe kunywa chai nilikuwa bado nasifu jinsi gari dogo lilivyotufuata kama kivuli. Nilipoinama kukagua bolti ndipo nilipokutana na harufu. Nikachomoa kijiti cha kupimia haidroliki, yaani mafuta ya giaboksi ya oto, na ile iliyokuwa nyekundu asubuhi ilikuwa imegeuka rangi ya kahawa iliyoungulia sufuriani. Tuliliwasha gari, tukaweka D, injini ikanguruma, gari likabaki palepale.

Naomba nieleze kwa utulivu kilichotokea, maana ndicho kiini cha uzi wote huu. Ndani ya giaboksi ya oto kuna pampu inayosukuma haidroliki kwenda kwenye gia, beringi na klachi zake, na pampu hiyo huzungushwa na injini, si na magurudumu. Injini ikizimwa pampu husimama, na haidroliki yote hutulia chini kwenye sampu. Sasa IST husukumwa na magurudumu ya mbele, ambayo yameunganishwa na giaboksi kwa ekseli saa zote, liwe gari liko kwenye D au kwenye N. Magurudumu yakizunguka kwa kasi ya kilometa 70 kwa saa, sehemu ya giaboksi inayoelekea kwenye ekseli nayo inazunguka, na inazunguka bila kulainishwa. Nyutro huondoa nguvu ya injini tu. Haiyatenganishi magurudumu na giaboksi, ingawa wengi wetu, nami nikiwamo, tumeishi tukiamini hivyo. Magari ya oto yenye giaboksi za CVT, zile zisizo na hatua za gia, yamo katika hatari hiyohiyo.

Gari la manyuali linalosukumwa na magurudumu ya mbele lina nafuu kubwa, kwa kuwa gia kubwa ya difu, ile sehemu inayogawa nguvu kwa magurudumu ya kulia na kushoto, imezama kwenye mafuta, na inapozunguka huyarusha juu yakalowanisha sehemu nyingine. Lakini msidhani kwamba kila manyuali ni salama. Katika gari la manyuali linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, giaboksi imelala kwa urefu na inayorusha mafuta ni shafti ya chini, ambayo huzungushwa kutoka upande wa injini. Ukiweka nyutro na kuzima injini, shafti ya chini inasimama, huku shafti kuu ikiendelea kuzungushwa kutoka nyuma na propela, yaani ile shafti ndefu inayounganisha giaboksi na difu ya nyuma. Beringi na bushi za shafti kuu zinakuwa zinazunguka zikingoja mafuta yasiyokuja. Kwa safari ya kutoka Kange hadi Pongwe huenda usione kitu. Kwa safari ya siku nzima, na siku nyingine tena, utaona.

Kwa gari la namna hiyo dawa ipo, nayo ni kufungua propela. Bolti nne za upande wa difu zikifunguliwa na propela ikatolewa, magurudumu ya nyuma yanabaki yakizungusha difu peke yake, ambayo ina mafuta yake na imetengenezwa kwa kazi hiyo. Giaboksi inakuwa imelala usingizi. Kabla ya kufungua, pigeni alama ya rangi kwenye uso wa difu na kwenye uso wa propela, ili irudishwe pale pale ilipokuwa, kwa sababu propela iliyogeuzwa inaweza kuleta mtetemo ambao mtautafuta wiki nzima bila kuupata. Kama upande wa mbele wa propela unachomeka ndani ya giaboksi, mafuta yatavuja kupitia tundu hilo, kwa hiyo zibeni kwa kizibo kinachobana. Jambo jingine ambalo watu husahau ni kwamba gari lililotolewa propela haliwezi kuzuiwa kwa gia. Linategemea hendbreki na vizuizi vya magurudumu. Na kwa Land Rover Defender ya zamani, ambayo hendbreki yake inabana propela na si magurudumu, ukitoa propela umeondoa na hendbreki yenyewe.

Wapo watakaosema tusome kitabu cha gari. Ndiyo, tusome, na hapo ndipo mahali pa kuanzia kwa kila mtu. Tatizo letu ni kwamba magari yetu mengi yamekuja yakiwa yametumika Japani, na kitabu, kikiwapo, kimeandikwa Kijapani. Msikitupe. Fungueni programu ya tafsiri kwenye simu, elekezeni kamera, na mtafute sura yenye neno 牽引, linalotamkwa ken'in, ambalo maana yake ni kuvuta gari. Cha IST tulikikuta kwenye boksi la mbele ya kiti cha abiria, na nilikitafsiri baada ya giaboksi kufa. Kilikuwa kimekataza waziwazi gari la oto kuvutwa magurudumu ya mbele yakiwa chini.

Baada ya giaboksi ndipo tuje kwenye uzito. Motohomu za Ulaya zina bati dogo la chesesi lenye namba nne za kilo: ya kwanza ni uzito wa juu wa gari lenyewe, ya pili ni uzito wa juu wa gari pamoja na kinachovutwa, na mbili za mwisho ni za ekseli ya mbele na ya nyuma. Kwenye bati la mjomba namba mbili za kwanza ni 3,500 na 5,000. Maana yake ni kwamba motohomu ikijaa hadi mwisho wake, kinachobaki kwa gari la nyuma ni kilo 1,500, na hapo bado hatujatazama uwezo wa chuma cha kuvutia chenyewe, ambao unaweza kuwa mdogo zaidi. Kiungo dhaifu ndicho kinachoamua. Kumbukeni pia kwamba lita 100 za maji ni kilo 100, na familia inayosafiri na mchele, mitungi, magodoro na watoto huufikia uzito wa juu wa motohomu upesi kuliko inavyofikiri. Nendeni mkaipime ikiwa imejaa.

Sasa breki, ambazo kwangu mimi zinashika nafasi ya pili baada ya giaboksi, na kwa usalama wa watu ndizo za kwanza. Gari la tani moja lisilo na breki zake husukumwa na mwendo wake lenyewe wakati motohomu inasimama, na mzigo wote unaangukia breki za motohomu iliyo mbele yake. Nguvu ya mwendo haiongezeki sawasawa na kasi: gari linalokwenda kilometa 80 kwa saa limebeba nguvu zaidi ya mara mbili na nusu ya lile linalokwenda 50. Uingereza gari linalovutwa kwa chuma cha pembetatu huhesabiwa kuwa ni tela, na tela lisilo na breki haliruhusiwi kuzidi kilo 750. IST inakaribia tani moja, kwa hiyo hata huko ingelazimika kuwa na breki zinazofanya kazi ikiwa inavutwa.

Mfumo wa mjomba ni wa waya. Motohomu ikipunguza mwendo, gari la nyuma hujisukuma mbele, kichwa cha chuma kikaingia ndani kidogo, na waya ukavuta pedeli ya breki ya gari dogo. Ni mfumo rahisi na unaofanya kazi, ila una jambo moja ambalo ni lazima lieleweke. Zimeni injini ya gari lolote, kanyageni breki mara tatu au nne, mtaona pedeli inakuwa ngumu kama jiwe. Busta ya breki, yaani kifaa kinachouongezea mguu nguvu, hutegemea injini, na gari linalovutwa injini yake imezimwa. Waya lazima uvute kwa nguvu ya kutosha bila msaada wa busta, kwa hiyo usirekebishwe kwa macho. Fungeni, endesheni polepole kwenye uwanja mtupu, shikeni breki, na mtu mmoja asimame pembeni atazame kama magurudumu ya gari la nyuma yanashika kweli.

Nawakaribisha kwa maswali na masahihisho.

Dereva Mstaafu wa Kange

Fundi, ahsante kwa uzi. Mimi nimeendesha malori kwa zaidi ya miaka thelathini na nimevuta kwa kamba magari ya oto yasiyo na hesabu, wakati mwingine kutoka Pongwe hadi mjini, na wenye magari hawakuwahi kurudi kunilalamikia. Je, haiwezekani kwamba IST ya mjomba wako ilikuwa na giaboksi mbovu tangu mwanzo, na safari imesingiziwa?

Fundi wa Chumbageni (mwanzisha uzi)

Shikamoo mzee wangu. Swali lako ni la haki, na nililiuliza mwenyewe kabla ya kuifungua giaboksi ile. Tulipoifungua, bushi na beringi za upande wa ekseli zilikuwa zimebadilika rangi kwa joto na kukwaruzika, wakati vitambaa vya klachi, ambavyo ndivyo huanza kuisha katika giaboksi iliyochoka kwa matumizi, vilikuwa bado na unene mzuri. Sehemu iliyozungushwa na magurudumu ndiyo iliyoungua; iliyosimama ilibaki nzima.

Kuhusu Pongwe hadi mjini, sikatai hata kidogo. Watengenezaji wengi huruhusu gari la oto livutwe umbali mfupi kwa mwendo wa polepole wakati wa dharura, na wewe ulikuwa unawaokoa watu walioharibikiwa njiani. Joto halikupata muda wa kupanda. Mwenye motohomu anataka kufanya hivyo kwa kilometa mia kadhaa, kwa mwendo wa barabara kuu, na kurudia kila likizo. Hilo ni jambo jingine kabisa, hata kama kwa macho linafanana na lile.

Binti wa Bagamoyo

Nashukuru sana kwa maelezo. Sisi tuko Bagamoyo na tuna RAV4 ya zamani, ya oto, inayosukumwa na magurudumu yote manne saa zote. Mume wangu amesikia kwamba dawa ni kuinua magurudumu ya mbele kwenye kile kitela kidogo cha magurudumu mawili na kuacha ya nyuma yazunguke. Tungependa kwenda Saadani kupitia Makurunge. Je, atakuwa salama?

Fundi wa Chumbageni (mwanzisha uzi)

Dada yangu, naomba mumsubirishe kwanza. Kitela cha kuinua magurudumu ya mbele ni jibu zuri sana kwa gari kama IST au Vitz, kwa sababu magurudumu yanayosukuma yako juu yamesimama, na ya nyuma yanazunguka bure kama ya mkokoteni. Kama tungekuwa nacho siku ile, giaboksi ya mjomba ingekuwa hai hadi leo.

Kwa RAV4 yenu mambo yanageuka. Magurudumu ya mbele na ya nyuma yameunganishwa katikati, na kiungo hicho kimetengenezwa kuvumilia tofauti ndogo ya mzunguko, ile inayotokea gari likikata kona. Mkiyasimamisha ya mbele na kuyaacha ya nyuma yazunguke kwa kasi ya barabara kuu, kiungo cha katikati kinapata tofauti kubwa ambayo hakikuundwa kwa ajili yake, kinachemka na kuharibika, na pengine giaboksi inafuata. Subaru nyingi zina ugonjwa huohuo. Gari la namna hiyo ama lipakiwe zima juu ya tela, magurudumu yote yakiwa hewani, ama liendeshwe na mtu wa pili. Mkichagua tela, jumlisheni uzito wa tela lenyewe kwenye hesabu ya bati la chesesi, na mpangeni gari ili sehemu kubwa kidogo ya uzito ikae mbele ya ekseli za tela. Uzito ukilalia nyuma, tela huanza kuyumba kama mkia, na kuyumba kukishaanza ni vigumu sana kukutuliza. Ikitokea, ondoeni mguu kwenye mafuta taratibu, shikeni usukani ukiwa umenyooka, na msijaribu kukimbilia mbele ili kulinyoosha.

Sisemi magari yote yanayosukumwa na magurudumu manne hayavutiki. Yale yenye kijiti cha pili cha gia, na kijiti hicho kikawa na nafasi yake ya N, kama Suzuki nyingi za zamani na Jeep Wrangler, yanapendwa mno na wenye motohomu huko Marekani, kwa sababu N ya kijiti cha pili huitenga giaboksi kweli. Hata hapo, utaratibu wa kitabu cha gari lenyewe ndio ufuatwe.

Mchomeleaji wa Makorora

Ndugu fundi, nimesoma kichwa cha uzi na nimejisikia vibaya. Sisi wachomeleaji wa Tanga tumetengeneza matela ya matrekta, majukwaa ya malori na mageti yanayodumu miaka ishirini. Kwa nini watu waogope kuja kwetu kwa chuma cha pembetatu?

Fundi wa Chumbageni (mwanzisha uzi)

Ndugu yangu, naomba radhi kama kichwa cha uzi kimekugusa vibaya. Sikusema watu wasije kwenu. Nimesema wasianze kwenu. Kazi ya mikono yenu naiheshimu na naitegemea kila wiki.

Mashaka yangu ni juu ya bomba linaloletwa na mteja. Gari la tani moja likipunguzwa mwendo kwa nguvu, husukuma chuma kwa takriban nyutoni 5,000, sawa na uzito wa kilo 500, na msukumo huo unageuka kuwa mvuto motohomu inapoondoka, kisha msukumo tena, mara maelfu katika safari moja. Mara nyingi chuma hakikatiki kwa mzigo mmoja mkubwa. Kinachoka pembeni mwa mshono wa kuchomelea, ufa unaanza mdogo kama unywele, na siku ya kukatika huwa ni ghafla. Bomba la maji au la geti halina karatasi inayosema ni chuma cha aina gani, na hata mshono mzuri kabisa hauwezi kukibadilisha. Chuma cha mjomba kilikuja kikiwa kimepigwa muhuri wa uzito kinaoweza kuvuta. Mkipata malighafi inayojulikana na mkachora kwa kufuata kilichopimwa, mimi nitakuwa wa kwanza kukuletea kazi.

Mahali pa kufungia ndipo panaponitisha hata zaidi. Magari yanayotoka Japani huwa na ndoano chini ya mbele, na watu hudhani ni za kuvutia gari safari nzima. Nyingi ziliwekwa kwa ajili ya kulifunga gari lisicheze ndani ya meli. Bampa nayo ni plastiki juu ya bati jembamba. Chuma kifungwe kwa bolti kwenye fremu ya chini, na gari lisilo na chesesi ya chuma, kama IST, linahitaji bamba pana linalosambaza nguvu pande zote mbili. Pembetatu ikae karibu na usawa. Ikiteremka au kupanda zaidi ya sentimita 7 au 8 kutoka kwenye mpira wa kuvutia, yaani tufe la chuma lililo nyuma ya motohomu, gari la nyuma litajaribu kupanda au kuchimba kila breki inaposhikwa. Na chini ya chuma pawe na minyororo miwili iliyopishana kama herufi X, ili kichwa kikichomoka kidakwe kabla hakijagusa lami, pamoja na waya mwembamba unaoshika breki za gari la nyuma likiachana kabisa na la mbele.

Mkazi wa Pangani

Nina maswali matatu mafupi. Mosi, taa za nyuma zinaunganishwaje? Pili, motohomu ikiwa na gari nyuma inarudi vipi kinyumenyume? Tatu, kuna mwendo maalumu unaopaswa kufuatwa?

Fundi wa Chumbageni (mwanzisha uzi)

Taa ni kazi ya saa mbili kwa fundi umeme. Njia rahisi ni ubao wa taa unaofungwa nyuma ya gari dogo, wenye taa za breki, indiketa na namba ya gari la mbele, na waya wake ukaja hadi kwenye soketi ya motohomu. Ukitaka kutumia taa za gari dogo zenyewe, lazima ziwekwe dayodi, vifaa vinavyoruhusu umeme upite upande mmoja tu, la sivyo umeme utarudi kinyume na kuharibu vifaa. Funguo ikikaa kwenye ACC, ile nafasi ya redio, siku nzima ili usukani usijifunge, betri ya gari dogo itakwisha, kwa hiyo fundi atafute ni fyuzi zipi zitolewe au apeleke waya mdogo wa kuichaji.

Kinyumenyume ni swali kubwa kuliko linavyoonekana, na jibu lake ni kwamba hairudi. Magurudumu ya mbele ya gari linalovutwa hujigeuza yenyewe kufuata njia, kwa jinsi yalivyoinamishwa na mtengenezaji. Ukisukuma kinyume hugeukia upande hadi mwisho, gari likajikunja, na chuma kikapinda. Usijaribu hata mita tatu. Kabla hujaingia kituo cha mafuta, hakikisha umeona pa kutokea. Tulipokwenda kwako Pangani tukavuka kwa pantoni kwenda Bweni, tulifungua gari dogo kabla ya kushuka gatini, kila gari likapanda peke yake, na tukaunganisha ng'ambo. Ilituchukua muda, na ningefanya hivyohivyo tena.

Kwa mwendo, Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inaweka kilometa 50 kwa saa kwenye makazi, na 80 kwa magari yanayozidi kilo 3,500. Sisi hatuzidi 70. Ukiwa na gari nyuma, tairi lake likipasuka unaweza usihisi chochote, na linaweza kuwaka moto ukiwa bado unasikiliza redio. Simameni baada ya kilometa 10 za mwanzo, kisha kila saa moja, na mguse habu za magurudumu manne ya gari la nyuma kwa nje ya kiganja. Ikiwa moja ni ya moto kuliko wenzake, kuna breki inayoshika au beringi inayokufa. Bima nayo mwandikieni mwenye bima, mkimweleza waziwazi kwamba gari litavutwa, na ombeni jibu la maandishi.

Binti wa Bagamoyo

Ahsante, kaka. Tumeamua RAV4 itaendeshwa na mdogo wangu. Lakini mjomba aliishia wapi? Alitengeneza IST au aliacha mpango?

Fundi wa Chumbageni (mwanzisha uzi)

IST ilipata giaboksi nyingine, na gharama tuligawana nusu kwa nusu kwa sababu ushauri ulikuwa wangu. Sasa ni gari la mjini la mkewe na halivutwi kamwe.

Kwa safari alinunua kirikuu, ile pikapu ndogo, ya manyuali, isiyo na foo-wili, inayosukumwa na magurudumu ya nyuma tu, yenye kilo 700 hivi ikiwa tupu. Tulikagua chini yake, tukafunga bamba, tukahamishia ule mfumo wa waya wa breki, ingawa uzito wake ni mdogo, kwa sababu nyuma hubeba baiskeli mbili na mitungi, na sikutaka tena kujadiliana na mteremko. Propela huitoa mwenyewe. Siku ya kwanza ilimchukua saa nzima akiwa amelala juu ya mkeka. Sasa anatumia dakika 20.

Mwezi uliopita walikwenda Lushoto. Barabara ya kutoka Mombo kupanda ina kilometa 30 na ushee za kona na makorongo, na nilimsihi asiipande na magari mawili yaliyounganishwa, kwa sababu kwenye kuteremka breki za motohomu zingebeba kila kitu. Aliiacha motohomu Mombo kwenye uwanja wenye mlinzi, akarudisha propela, akaangalia alama za rangi nyeupe zimekutana, akakaza bolti nne, akazikaza tena baada ya kilometa chache, na wakapanda na kirikuu. Walikaa siku nne. Alinipigia simu kutoka juu kuniuliza kama mtetemo mdogo anaousikia kwenye gia ya tatu ni propela, nikamwambia azime injini aingie chini atazame rangi. Alama zilikuwa zimekutana. Ilikuwa ni tairi la nyuma lenye upepo kidogo.